Kisii si Embarambamba Pekee: Obokano, Monyoncho na Ngoma Ambazo Simu Yako Haina

Uliza msee yeyote wa Nairobi akutajie wasanii wa Kisii. Atasema Nyashinski, ambaye kwao ni huko lakini ngoma zake ni za kila mtu. Halafu atacheka, atoe simu akuonyeshe video ya Embarambamba, yule mwimbaji wa Nyamira, akigaagaa kwa matope ama akining'inia juu ya mti. Akishamaliza kucheka, orodha imeisha.

Manze, sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 Kisii na Nyamira ukizijumlisha. Watu wote hao hawajakuwa wakikaa kimya. Kuna ngoma kali zimepigwa huko miaka na miaka, ni vile tu hazijavuka Sotik. Hebu tuzitembelee.

Obokano ni mnyama gani?

Obokano ni kinubi cha Abagusii, nyuzi nane, na kitu cha kwanza kitakushtua ni ukubwa wake. Chini kuna bakuli kubwa limefunikwa ngozi ya ng'ombe. Kwa hilo bakuli mikono miwili ya mti inapanda, na juu kuna mti mwingine umekingama ukiishika pamoja. Nyuzi zinatoka chini hadi kwa huo mti wa juu, na hapo ndipo mchezaji anazikaza ama kuzilegeza hadi sauti ikubali. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi nailoni imeingia. Mchezaji anaketi, chombo kinakaa naye kama mtu wa pili, na anadona kwa mikono yote miwili huku akiimba. Kwa desturi hicho kilikuwa chombo cha wanaume.

Wataalamu wa muziki walikibandika jina la utani: dabo besi ya Afrika Mashariki. Ukikisikia utaelewa. Sauti ni nzito, inatoka chini kabisa, na juu yake kuna mvumo kama wa nyuki kwa mzinga. Mara ya kwanza nilipousikia huo mvumo, kwa kaseti ya mame wangu huko ocha, nilienda kugonga redio nikidhani spika imepasuka. Mame alinicheka hadi akakohoa. Aliniambia, "Wewe mtoto wa Nairobi, huo mvumo ndio obokano yenyewe. Ukiutoa umebaki na kamba."

Onyo la bure: usisikize obokano kwa spika ya simu. Spika ndogo inameza besi yote, unabaki na kelele ya nyuzi za juu, halafu unaanza kusema ni muziki wa wazee. Tia kwa wufa. Ama kwa mathree yenye mziki mzito, kama dere atakubali.

Vinubi viko kwa majirani wote. Wajaluo wana nyatiti, nyuzi nane pia. Wakuria wana iritungu, Wabukusu wana litungu, Wakipsigis nao wana chao. Abagusii ni Wabantu waliozungukwa karibu pande zote na watu wasio Wabantu, na ukisikiza hivi vyombo kimoja baada ya kingine unasikia vile watu wamekuwa wakiibiana mitindo kwa mipaka. Lakini umaarufu haukugawanywa sawa. Nyatiti ilipata Ayub Ogada, na wimbo wake Kothbiro ukaingia kwa filamu ya The Constant Gardener mwaka wa 2005. Nyatiti ikapata hata Anyango, mrembo kutoka Japani aliyekuja kujifunza hadi akaimudu. Obokano bado inangoja filamu yake.

Ukitaka kuisikia kwa mtu wa kizazi chetu, tafuta Grandmaster Masese. Jamaa ni mshairi na mchezaji wa obokano, anachanganya mashairi na zile nyuzi, na amekuwa akiipandisha kwa majukwaa ya Nairobi mbele ya vijana waliozoea mashine tu. Mimi naona huyo ndiye mlango rahisi zaidi: anaongea lugha ya mtaa, halafu nyuzi zinakupeleka shags bila kukuuliza.

Na usichanganye mambo. Kuna nyimbo za Abagusii ambazo si za kuweka kwa simu ukienda gym. Esimbore, kwa mfano, ni ya vijana wakitoka kutahiriwa, na huimbwa Novemba na Desemba kwa sababu yake. Ukiipata mtandaoni sikiza kwa heshima, usiifanye mlio wa simu.

Benga ya Ekegusii

Benga kila mtu anaijua, ama anadhani anaijua. Gita la solo linakimbia kama limeiba, besi inaruka, na katikati waimbaji wananyamaza waachie magita yapigane. Ilianza kwa Wajaluo, na jina kubwa ni D.O. Misiani na Shirati Jazz yake. Kutoka hapo ikatapakaa kwa Wakamba, Wakikuyu, Wakalenjin, na bila shaka ikapanda milima ya Kisii.

Huko juu ndipo unampata Christopher Monyoncho. Ukienda harusi ya Gusii na DJ hana Monyoncho, wazazi watamwangalia vile unaangaliwa ukileta mkate kwa mahari. Anaimba Ekegusii ya ndani, ile yenye mafumbo, na magita yake hayana haraka ya kukuonyesha ujuzi. Mpe dakika tatu za kwanza. Hapo kati, sauti zikinyamaza, ndipo utajua mbona mbuyu wako huwa anafunga macho ngoma hizi zikipigwa.

Mwingine ni Arisi O'Sababu. Wazee wakianza kubishana nani mkali kati yake na Monyoncho, chukua kiti na chai, hamtamaliza leo. Mimi niko upande wa Monyoncho, na najua nitatukanwa kwa hilo. Monyoncho ametuacha, kwa hivyo hatuwezi kuwaita wote wawili kwa jukwaa waamue.

Mbona hazikusafiri?

Watu husema ni lugha. Zii, siamini. Benga ya Kijaluo ilifika hadi Zimbabwe, na huko hakuna aliyejua Kijaluo. Ilifikaje? Phares Oluoch Kanindo alikuwa na biashara ya santuri, akazitoa na kuzisambaza kusini. Wazimbabwe wakaanza kuita muziki huo "kanindo", na jina la lebo yake moja, Sungura, likawa jina la mtindo wao mzima. Waimbaji hawakubadilisha lugha. Kilichokuwepo ni santuri, jina kwa santuri, na mtu wa kuisafirisha.

Ama cheki majirani wa mashariki. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwa gramafoni. Mwaka wa 2014, miaka 64 baadaye, rekodi ilirudishwa Kapkatet, na wazee waliokuwa vijana wakati ule wakajisikia wenyewe. Hiyo ilitokea kwa sababu kuna mtu aliandika nani aliimba, wapi, lini.

Sasa rudi Kisii mjini. Ingia kwa kibanda cha kujaza nyimbo kwa flashi. Utauziwa folda nzima kwa bei ya soda, na ndani faili zinaitwa Track 07, Track 08. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna mwaka, na familia ya aliyeimba haipati hata shilingi. Kaseti ya mame niliyowaambia iko vivyo hivyo. Karatasi yake ilifutika zamani. Upande A ni Monyoncho, huyo tunamjua kwa sauti. Upande B kuna mzee na obokano yake, nyimbo nne, na kwa boma nzima ni mame peke yake aliyekuwa akikumbuka jina la huyo mzee. Tulimzika mame kabla sijaliandika.

Pa kuanzia

Redio kwanza. Egesa FM na Minto FM zinatangaza kwa Ekegusii na zinapatikana mtandaoni, kwa hivyo hata ukiwa Dubai huna kisingizio. Sikiza vipindi vya nyimbo za zamani, mtangazaji akitaja jina liandike hapo hapo. YouTube ipo, tafuta "obokano" halafu jina la mchezaji. Ukiwa Nairobi, ukibahatika na siku nzuri utaona ngoma zikichezwa na watu, si video.

Ukienda mechi ya Shabana pale Gusii Stadium, fika mapema. Ikishaanza Tore Bobe hutasikia kitu kingine.

Na kama una sokoro ama magokoro aliye hai, na kuna kaseti kwa hilo kabati lake, usiichukue uende nayo. Iweke kwa redio mkiwa wote wawili, washa kinasa sauti cha simu, umuulize huyu anayeimba ni nani. Halafu ipe faili jina lake, si Track 07.