Buti, Posho na Barua: Maisha ya Kila Siku ya Askari wa Afrika Mashariki Katika Vita vya Burma, 1943–1946

1.0 Utangulizi

Historia ya Vita vya Pili vya Dunia katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya vikosi: kamanda fulani aliamuru, mto fulani ukavukwa, mji fulani ukatekwa. Ya pili ni ya siasa: Mwafrika alipelekwa ng'ambo, macho yakamfunguka, akarejea kudai uhuru. Simulizi zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zote humruka mtu mmoja, yaani askari wa kawaida aliyeamka alfajiri chini ya turubai lililolowa, akatafuta pa kukaushia soksi, akajiuliza kama barua ya nyumbani itafika juma hilo.

Makala haya yanamchunguza mtu huyo. Uwanja wake ni safari na kazi ya askari wa keya, kama kikosi cha King's African Rifles kilivyoitwa na watu wa kwetu, katika Ceylon, India na Burma kati ya mwaka 1943 na 1946. Hoja ya msingi ni kwamba mambo madogo ya kila siku, hususani mavazi, chakula, lugha na barua, ndiyo yaliyomfundisha askari kupima utaratibu wa kikoloni. Hoja ya pili inaifuata hiyo: kipimo alichokipata hakikumpeleka kila askari kwenye siasa za uhuru. Kwa wengi kilizaa madai ya aina nyingine, ambayo wanahistoria wameyapa nafasi ndogo kwa sababu hayaonekani kuwa ya kishujaa.

2.0 Vyanzo na Ugumu Wake

Mtafiti wa maisha ya askari hukutana na vyanzo vya aina tatu. Kwanza ni magazeti ya kijeshi ya Kiswahili, kama vile Heshima na Askari, yaliyochapishwa ili kuwatia moyo wanajeshi. Pili ni ripoti za wakaguzi waliofungua na kusoma barua za askari. Tatu ni kumbukumbu zilizoandikwa na askari wenyewe. Miongoni mwa hizo ni kijitabu cha Robert Kakembo wa Uganda, An African Soldier Speaks (1946), na vitabu vya Waruhiu Itote (1967) na Bildad Kaggia (1975), wote wawili wa Kenya.

Kila chanzo kina mwelekeo wake. Gazeti la jeshi lilisema kile ambacho wakuu walitaka kiaminiwe. Ripoti ya mkaguzi ilikusanya kile ambacho serikali ilikiogopa, na kwa hiyo humwonyesha askari akilalamika kuliko akicheka. Vitabu vya kumbukumbu vya Itote na Kaggia viliandikwa miaka 20 au zaidi baada ya vita, na watu waliokwisha pitia kizuizini na siasa. Mazungumzo wanayoyakumbuka yamechujwa na yale yaliyotokea baadaye. Hata hivyo, kuna jambo ambalo vyanzo vyote hulitaja bila kukusudia kulithibitisha: chai, maji, mvua, mshahara, barua iliyochelewa. Ushahidi wa namna hii ni mgumu kutiwa chumvi kwa kuwa hakuna aliyeuona kuwa na faida ya kuutia chumvi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanauweka mbele.

3.0 Kutoka Kilindini

Idadi ya walioandikishwa inaeleza ukubwa wa jambo lenyewe. Kenya ilitoa takriban watu 98,000, Tanganyika 87,000 na Uganda 77,000, wapiganaji na watumishi wa jeshi kwa pamoja. Si wote waliokwenda Asia. Wengi walibaki barani au walitumika Ethiopia, Madagaska na Mashariki ya Kati. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliundwa mwaka 1943 ikapelekwa Ceylon kufanya mazoezi. Ndani yake kulikuwa na watu wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Wengi wa askari hao hawakuwa wamewahi kuiona bahari kabla ya kufika Mombasa. Kwao meli ilikuwa mtihani wa kwanza wa vita, na mtihani huo haukuwa wa kubuni. Mwezi Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido meli ya Khedive Ismail, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Zaidi ya watu 1,200 walipotea, wakiwamo askari wengi wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi waliokuwa wakienda kazini. Manowari za ulinzi zililazimika kuisaka nyambizi kwa mabomu ya kina mahali palepale ambapo manusura walikuwa wakielea. Walikufa kabla hawajaiona Asia. Kwa familia nyingi za bara, kifo hiki kilikuwa na uchungu wa pekee: hapakuwa na kaburi, na bahari si mahali ambapo jamaa wanaweza kwenda kutambika. Majina yao yaliandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu jijini Nairobi.

4.0 Buti, Mvua na Posho

Kabla ya vita, askari wa keya kwa kawaida hakuvaa buti. Alilinda gwaride akiwa peku au na makubazi, na desturi hiyo ilitetewa kwa hoja kwamba ndiyo maumbile ya Mwafrika. Msitu wa Burma uliimaliza hoja hiyo. Askari alipewa buti na kofia pana kwa sababu bila hivyo asingeweza kufanya kazi. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina maana katika historia. Kilichokuwa kimeitwa maumbile kilidhihirika kuwa ni bei tu: serikali ilikuwa haijaona haja ya kulipia.

Mwezi Agosti 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima, Divisheni ya 11 ilianza kushuka kutoka Tamu kuingia bonde la Kabaw. Ulikuwa msimu wa masika ya Asia. Barabara iligeuka tope, magari yakazama hadi mihimili, na ikabidi magogo yakatwe na kulazwa njiani ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Kwa siku nyingi kazi ya askari haikuwa kupiga risasi, bali kukata miti, kusukuma magari, kubeba majeruhi na kuchimba mahandaki yaliyojaa maji kabla hayajakamilika.

Bonde hilo lilijulikana kwa malaria, na pia kwa homa kali ya vichakani iletwayo na utitiri. Kila askari alimeza vidonge vya njano vya kinga ya malaria, tena kwa amri, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mzigo mkubwa kuliko maiti: alihitaji wabebaji, dawa na ulinzi.

Kwa kuwa barabara haikupitika, chakula kilishuka kutoka angani. Mizigo mingine ilifungwa miavuli. Magunia ya nafaka yalitupwa bila mwavuli, yakiwa yametiwa ndani ya magunia mengine ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Askari alijifunza kuingoja ndege kwa hamu na kuikimbia kwa hofu, maana gunia lililodondoka lingeweza kumuua mtu. Palipokosekana ndege, palikosekana posho. Hapa ndipo mpaka kati ya Mzungu na Mwafrika ulipolegea. Itote anakumbuka kwamba katika medani ya vita walikunywa chai moja na Waingereza, wakatumia maji na vyoo vilevile, na kucheka mizaha ileile. Haelezi hotuba wala azimio; anaeleza chai. Uzito wa kauli hiyo huonekana anapoendelea kueleza kwamba hali hiyo haikuwasubiri nyumbani.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni iliiteka Kalewa kwenye mto Chindwin. Mafundi wa jeshi wakajenga hapo daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo kwa wakati wake lilihesabiwa kuwa daraja refu kuliko yote ya aina hiyo duniani. Majeshi mengine yalivuka kwenda Mandalay na Rangoon. Divisheni ya 11 iliondolewa ikarudishwa India kupumzika. Walioisafisha njia hawakuwa ndio walioingia mjini kwa shangwe.

5.0 Lugha ya Kambini

Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika keya. Mnyasa, Mkamba, Mwacholi na Mnyamwezi walikutana humo, pamoja na ofisa wa Kiingereza aliyelazimika kujifunza. Kiswahili hicho kilikuwa chepesi kwa sarufi, kikitegemea maneno machache na sauti ya mkuu. Mtu wa Lamu au Unguja angekicheka. Lakini kudharau Kiswahili cha keya ni kukosea. Kwa maelfu ya watu wa bara, hiyo ndiyo lugha ya kwanza waliyoitumia kuzungumza na mtu asiye wa kabila lao kuhusu jambo lililokuwa la kufa na kupona. Aidha, walimu wa jeshi, ambao Kakembo alikuwa mmoja wao, waliwafundisha askari wengi kusoma na kuandika.

6.0 Barua

Askari aliyejifunza kuandika aliandika nyumbani. Aliuliza kuhusu ng'ombe, shamba, karo ya mtoto, mwenendo wa mke, na zaidi ya yote kuhusu fedha. Sehemu ya mshahara wake ilikatwa ikapelekwa kwa familia kupitia ofisi ya wilaya. Je, ilifika? Je, ilipokewa na mke au na kaka? Mtu aliye maili elfu kadhaa kutoka kwake hakuwa na njia ya kujua isipokuwa barua, na barua ilipitia mikono mingi: mwandishi wa kijijini, posta, mkaguzi.

Kutokana na hali hiyo ulizuka uhusiano mpya kati ya askari na serikali. Kabla ya vita, mwanakijiji alimfikia mkuu wa wilaya kupitia jumbe au chifu. Sasa askari alimwandikia mkuu huyo moja kwa moja, akitaja namba yake ya jeshi, akidai shauri lake la ardhi au la ndoa lisikilizwe kwa kuwa yeye yupo vitani kwa ajili ya Mfalme. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, barua hizo ni miongoni mwa hati za mwanzo za madai ya uraia katika Afrika Mashariki, ingawa hazitaji neno uhuru hata mara moja.

7.0 Aliyoyaona

Nje ya medani, askari alitazama. Nyumbani alimjua Mhindi mwenye duka. Katika Bengal, iliyotoka kwenye njaa kuu ya mwaka 1943, alimwona Mhindi ombaomba na Mhindi mchukuzi wa mizigo. Alimjua Mzungu bwana. Sasa alimwona Mzungu kuruta akichimba choo. Itote anasimulia mazungumzo yake na askari wa Uingereza, na Mmarekani mweusi, na wenyeji wa Calcutta waliomuuliza Waafrika wangepata nini baada ya vita. Kaggia, aliyepelekwa Mashariki ya Kati na baadaye Uingereza, alifika Jerusalem, na aliporejea alijitenga na kanisa la wamisionari.

Hata hivyo, askari aliona pia kwamba usawa wa handakini haukuingia katika daftari la mishahara. Alilipwa kidogo kuliko Mwingereza wa cheo chake. Aliweza kupanda hadi usajini na usajini-meja. Uofisa uliachiwa Wazungu.

8.0 Kurejea

Vita viliisha Agosti 1945, lakini meli zilikuwa chache na askari wengi walingoja hadi mwaka 1946. Kungoja huko kuliwaudhi kuliko mapigano. Kakembo alikuwa ameonya kwamba mtu atakayerudi hatakuwa yule aliyeondoka. Alisema kweli; swali ni alibadilika vipi.

Utafiti wa Schleh (1968) kuhusu Uganda na Ghana, na ule wa Parsons (1999) kuhusu keya, unaonyesha kwamba askari wastaafu kwa jumla hawakuwa mhimili wa vyama vya kupigania uhuru kama inavyodhaniwa. Wengi walidai leseni ya biashara, gari la kubebea mizigo, kazi ya udereva au upolisi, na heshima kwa ujuzi waliokuwa nao. Itote, aliyekuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau, ni mmoja. Waliorudi kimya kwenye mashamba ni maelfu. Tukimfanya Itote awe kipimo cha wote, tunawapokonya wengine sauti kwa mara ya pili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba maisha ya kila siku ya askari katika Burma yalikuwa shule ya kupima. Buti zilimwonyesha kwamba maumbile aliyohusishwa nayo yalikuwa uamuzi wa mtu mwingine. Chai ilimwonyesha kwamba ubaguzi unaweza kusitishwa ukitakiwa. Barua ilimfundisha kudai. Alichokidai kilitegemea alikorudi na alichokikuta. Jina la Burma limebaki katika soko maarufu la Nairobi, na wanunuzi wengi hupita hapo bila kujua limetoka wapi. Jukumu la mtafiti wa leo ni kuzitafuta barua zilizobaki katika masanduku ya familia na majalada ya wilaya kabla mchwa hawajamaliza kazi yao, na kuzisoma jinsi zilivyoandikwa: kwanza ng'ombe, kisha shamba, kisha mtoto, na mwishoni, kwa mstari mmoja tu, vita.