Neno la Kiingereza lililosikika litafutwe chini ya herufi gani?

MWANAFUNZI anayeingia kidato cha kwanza mjini Mpanda, mkoani Katavi, hukabiliwa na mabadiliko makubwa. Masomo aliyofundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali sasa hufundishwa kwa Kiingereza. Kamusi huwa tegemeo lake, lakini mara nyingi neno alilolisikia darasani halipo mahali anapolitafuta.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, ilhali Kiingereza sivyo. Aidha, Kiswahili sanifu hakitumii herufi Q wala X, na C haiandikwi bila H. Kwa hiyo anayesikia sauti ya K hufungua kurasa za K pekee, kumbe neno laweza kuwa chini ya C au Q.

Wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni mfano mzuri. Mamba ni 'crocodile', neno lenye sauti ya K lakini liko kwenye C. Twiga ni 'giraffe', husikika kama J lakini hutafutwa kwenye G. Tembo ni 'elephant', na sauti yake ya F huandikwa PH.

Mwongozo ufuatao waweza kumsaidia msomaji:

- Ikisikika N mwanzoni, itazamwe pia KN: 'knife', yaani kisu, 'knee', yaani goti.
- Ikisikika R, itazamwe WR: 'write', kuandika, 'wrong', kosa.
- Ikisikika S, zitazamwe C na PS: 'cement', saruji, 'psychology', saikolojia.
- Ikisikika F, itazamwe PH: 'pharmacy', duka la dawa.
- Ikisikika KW, itazamwe QU: 'question', swali. Herufi Q hufuatwa na U karibu kila mara.
- Ikisikika KS mwishoni, itazamwe X: 'tax', kodi; 'six', sita.

Maneno ya mkopo nayo hutoa fununu. 'Boksi' na 'teksi' yana KS mahali palipokuwa na X. 'Kansa' limetokana na 'cancer', ambamo C ya kwanza husikika K na ya pili S.

Hata hivyo, herufi zilezile zaweza kubeba maneno mawili. 'Lead' likitamkwa 'led' ni risasi, madini yaliyochimbwa Mpanda enzi za ukoloni. Likitamkwa 'liid' ni kuongoza. Hapo sentensi nzima ndiyo huamua.

Kabla ya kufungua kamusi, yafaa mwanafunzi aandike kwenye karatasi tahajia zote zinazowezekana, kisha aitafute moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika chache, lakini ina faida kubwa: katika chumba cha mtihani kamusi haipo mezani, na asiyelitambua neno moja katika swali huweza kukosa jibu analolijua vema kwa Kiswahili.