Misimu ya Carlisle

Mwaka 1879 Richard Henry Pratt, ofisa wa jeshi la Marekani, alipewa kambi kuukuu mjini Carlisle, jimbo la Pennsylvania, akaigeuza shule ya bweni ya watoto wa wenyeji asilia wa nchi ile. Walipofika walinyolewa nywele, wakavuliwa mavazi ya kwao na kukatazwa lugha zao.

Shuleni humo vijana walicheza mpira, ila mpira wao si huu wetu. Una umbo la yai, hukumbatiwa na kukimbizwa, na anayeubeba huangushwa kwa mwili. Kijana mmoja alipovunjika mguu, Pratt aliupiga marufuku. Wanafunzi wakaenda kumsihi. Akalegeza kwa masharti mawili: wasirushe ngumi hata wakichokozwa, na baada ya miaka michache waifunge timu kubwa kuliko zote nchini. Mwaka 1893 wakaanza tena.

Kocha Glenn Warner, maarufu kwa jina la Pop, alifika 1899. Uwanja wa nyumbani haukuingiza fedha za maana, kwa hiyo mechi kubwa walizifuata ugenini kwa treni. Wengi wao walikuwa wepesi kuliko wapinzani, basi wakategemea mbio na hila.

Hila iliyovuma zaidi waliifanya dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1903. Warner alikuwa ameagiza mchezaji Charles Dillon ashonewe utepe wa kuvutika kwenye pindo la fulana. Kipindi cha pili kilipoanza, mwenzake Jimmie Johnson aliudaka mpira, wenzake wakamzunguka, akauchomeka mgongoni mwa Dillon. Kisha wote wakatawanyika, kila mmoja akijifanya ameukumbatia. Harvard waliwaangusha hawa na wale, huku Dillon akipita katikati yao mikono mitupu, kibyongo mgongoni, hadi mwisho wa uwanja. Harvard walishinda 12-11, lakini nani anaikumbuka mechi ile kwa sababu hiyo?

Mwaka 1906 sheria ziliruhusu kurusha mpira mbele. Timu kubwa ziliidharau mbinu hiyo. Carlisle waliifanya silaha, na 1907 wakakifunga Chuo Kikuu cha Pennsylvania 26-6.

Kisha zikaja zama za Jim Thorpe, kijana wa kabila la Sac na Fox kutoka Oklahoma. Mwaka 1911 aliingia uwanjani Harvard mguu ukiwa umefungwa bendeji, akapiga mipira minne kati ya milingoti. Carlisle 18, Harvard 15. Kiangazi cha 1912 alitwaa dhahabu mbili za Olimpiki mjini Stockholm, na Novemba timu ikaenda West Point kucheza na chuo cha jeshi. Mauaji ya Wounded Knee, ambako jeshi hilo liliwaua wenyeji asilia, yalikuwa hayajatimiza miaka 22. Katika kikosi cha wanajeshi alikuwemo Dwight Eisenhower, rais wa baadaye. Carlisle walishinda 27-6.

Fedha za viingilio, hata hivyo, zilikuwa mikononi mwa wakubwa wa shule. Wanafunzi zaidi ya 200 walitia saini malalamiko, wachezaji wakiwemo, na mwaka 1914 tume ya bunge ikaja kuchunguza. Warner akahamia Pittsburgh. Timu ikadhoofika haraka, na 1918 shule ikafungwa, kambi ikarudi jeshini.

Walishinda mechi 167, wakafungwa 88, wakatoka sare 13. Kwa timu ya shule iliyoanzishwa ili kuwafuta, hiyo ni rekodi ambayo vyuo vingi vilivyo hai havijaifikia.