Ruzuku Kamili, Nusu ya Gharama

Katika nyaraka za reli za mijini nchini Marekani kuna istilahi ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, inakuwa "mkataba wa ruzuku ya ufadhili kamili". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba serikali kuu imebeba gharama zote. Haikubeba. Mkataba wa aina hiyo ulitiwa saini Oktoba 2012 kwa ajili ya kurefusha reli nyepesi ya Charlotte, North Carolina. Washington iliahidi takriban dola milioni 580, wakati mradi wenyewe uligharimu kama dola bilioni 1.16. Jimbo lilichangia karibu robo, na sehemu iliyobaki ikawa ya wenyeji.

Kinachokamilika hapo ni ahadi. Serikali ya shirikisho hutaja kiwango cha juu cha fedha itakazotoa, njia itakayojengwa na tarehe ya kuanza huduma, kisha hujifunga ndani ya mipaka hiyo. Bomba la maji likikutwa mahali ambapo ramani haikulionyesha, au fidia ya viwanja ikipanda, jiji litajijua. Tena fedha hazitolewi kwa mkupuo: Bunge huziidhinisha mwaka hadi mwaka, ilhali mkandarasi anadai malipo kila anapomaliza hatua. Mara nyingi jiji hulazimika kukopa ili kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo napendelea "mkataba wa ruzuku yenye ukomo". Watu wa mipango Tanzania wanalijua neno hilo vizuri; ukitaja "ukomo wa bajeti" katika kikao cha halmashauri, hakuna atakayeomba ufafanuzi.

Anayetaka ruzuku hiyo lazima kwanza aonyeshe fedha zake mwenyewe. Charlotte ilikuwa nazo kwa sababu mwaka 1998 wapiga kura wa kaunti ya Mecklenburg walikubali kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola, kwa ajili ya usafiri wa umma. Novemba 2007 wakaulizwa kama wanataka kuifuta. Takriban asilimia 70 walikataa, na mwezi huohuo sehemu ya kwanza ya reli ikafunguliwa. Sidhani Washington ingeangalia hata michoro ya upanuzi kama kura ile ingekwenda kinyume.

Lakini kodi ya mauzo hutegemea watu kununua. Mdororo wa uchumi wa 2008 ulipopunguza manunuzi, makusanyo yakashuka na njia ikafupishwa: badala ya kufika barabara kuu ya I-485, ikaishia katika kampasi ya chuo kikuu. Kilichojengwa ni kilomita 15 hivi zenye stesheni 11, sehemu yake ikipita katikati ya barabara ya North Tryon. Treni zilianza Machi 2018, baada ya tarehe ya 2017 iliyotangazwa awali kupita.

Kuna watakaosema "ukomo" unaficha uzito wa ahadi ya serikali kuu, na wana hoja, kwani kwa benki inayolikopesha jiji, saini hiyo ndiyo dhamana. Lakini diwani anayeipigia kura bajeti anahitaji zaidi kujua ahadi hiyo inaishia wapi.