Usambara: milima iliyowapima watawala kwa mvua

Ukiianza barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona na magema, nyuma yako unaiacha nyika: mkonge, vumbi na joto la bonde la Mkomazi. Kila kona inaongeza baridi. Ukifika Soni, penye maporomoko, akina mama wameshapanga matenga ya karoti, kabichi na mapeasi kando ya njia, wakisubiri magari ya kwenda Dar es Salaam. Mgeni huvaa sweta na kustaajabu. Mwenyeji anajua kwamba tofauti hiyo ya hewa, kati ya juu na chini, ndiyo iliyoijenga historia yake.

Huku juu Washambaa wanakuita Shambaai, kule chini ni nyika. Wazee wa zamani walipenda kujenga vijiji karibu na kingo za mlima, migomba ikizunguka nyumba pande zote, ili mtu awe na shamba mlimani na jingine chini bondeni. Mvua ikigoma huku, huenda ikanyesha kule. Ilikuwa akiba yao dhidi ya njaa. Katika maisha ya namna hiyo, kiongozi aliulizwa swali moja kabla ya mengine yote: wewe ukikaa kitini, ardhi inapona au inaumia? Kishambaa kina maneno yake kwa hilo. Kuiponya nchi ni kuzifya shi. Kuiharibu ni kubana shi. Shi ni ardhi, na ni nchi pamoja na watu wake. Naamini asiyeyajua maneno haya mawili hawezi kuielewa Usambara, kama walivyoshindwa kuielewa baadhi ya waliotumwa kuitawala.

Masimulizi ya ufalme huanza na Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Ngulu. Alikuwa kigego, yaani alianza kuota meno ya juu, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi kubwa, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki. Akakaa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale, lakini kijana yule aliuawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni pamoja, na Mbegha ikambidi akimbie tena. Ndipo akaingia Usambara. Nguruwe walikuwa wakiwamaliza wakulima mashambani. Yeye akawaua, akagawa nyama, akapewa chakula cha shamba. Alipofika Vugha, palipokuja kuwa makao ya ufalme, usiku ule ule aliua simba, na watu wakamfanya mfalme. Hayo yanawekwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na uzao wake ndio Wakilindi, waliochukua jina la ile nchi aliyoikimbia.

Tuitazame hadithi hii kwa makini. Mbegha hakuja na jeshi. Alipewa utawala kwa sababu aliondoa balaa shambani na kugawa alichokuwa nacho. Ndiyo kusema mkataba wa kwanza wa Usambara ulikuwa huo: tupe usalama wa mazao yetu, nasi tutakulisha. Tuna bahati kwamba masimulizi haya yaliandikwa kwa Kiswahili mapema sana, na Abdallah bin Hemedi, aliyewajua Wakilindi kwa karibu, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Ni hazina ambayo kila shule ya Tanga ingepaswa kuwa nayo kabatini.

Ufalme ulifika kileleni wakati wa Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Ludwig Krapf alimwendea mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri Waingereza Burton na Speke wakafika Vugha mwaka 1857. Mamlaka yake yaliteremka hadi mwambao, na watoto wake aliwaweka kutawala sehemu mbalimbali za milima. Hata hivyo, waliokaa chini yake walimhofia zaidi kwa jambo jingine: mvua ilikuwa yake. Mfalme mmoja akiwa na nguvu zote, watu waliamini, hushusha mvua, na nchi ikashiba. Wakubwa wawili wakishindana, ikawa nguvu kwa nguvu, mvua hukatika na njaa huingia.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na nguvu kwa nguvu ikaja kweli. Kiti alikipata mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa amejiweka Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, mahali palipopita bunduki na bidhaa za pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliiteka Vugha. Wabondei, majirani waliokuwa chini ya ufalme huo, wakaasi na kuwafukuza Wakilindi kwao. Watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Mtawala aliyepaswa kuwalinda watu sasa alikuwa anawauza apate baruti. Hakuna mfano mchungu kuliko huo wa kubana shi.

Wajerumani waliikuta nchi imechoka. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Lushoto wakaibatiza Wilhelmstal, wakajenga reli kutoka Tanga, na mwaka 1902 wakafungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, Usambara ya Mashariki. Hata ua dogo la zambarau la misitu hii lilisafiri: Baron von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao miaka ya mwanzo ya 1890, na mpaka leo Wajerumani wanalitaja kwa jina la Usambara. Limejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Kwao, msituni, linazidi kuwa adimu.

Kisha wakaja Waingereza, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Mwaka 1946 walianza mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, baadaye wakaueneza sehemu nyingine za milima. Tatizo lilikuwa la kweli: watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamekwenda mpaka kwenye miteremko mikali, na mvua za masika zilikuwa zinaondoka na udongo. Dawa iliyoamriwa ni matuta. Kila mlipa kodi alitakiwa kuyachimba kwenye sehemu ya shamba lake, na asiyefanya alipigwa faini au kufungwa. Tuta moja kwenye mteremko wa Mlalo si kazi ya kuisemea barazani. Unasimama mguu mmoja juu, mmoja chini, jembe linagonga mawe, udongo uliouinua unateremka kabla hujaushindilia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake, ambao wengi walikuwa na vijishamba visivyotosha hata kuwalisha watoto. Wengine waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa vizuri, mzungu atalichukua.

Watu waligoma. Machifu waliosimamia matuta walionekana wameacha kazi yao ya kuleta mvua na kuwa manyapara. Chama cha kupigania uhuru cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikuta hasira imeshaiva. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wakulima wa Usambara kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba walizungumzia siasa ya uhuru kwa maneno yale yale ya zamani: nani anaponya nchi, nani anaiharibu. Mwaka 1957 mpango wa matuta ukaachwa, na baada ya Uhuru mamlaka ya machifu nayo yakafutwa.

Miaka ya 1980 mradi mwingine wa kuhifadhi udongo ulikuja Lushoto, safari hii kwa msaada wa Ujerumani, ukisisitiza miti na majani ya ng'ombe yanayopandwa kwenye kingo za shamba. Majani yanashika udongo, ng'ombe anakula, samadi inarudi shambani. Leo kuna miteremko iliyokatwa ngazi kama mkeka uliokunjwa, na hakuna askari anayesimama juu yake. Lakini ipo mingine iliyo uchi. Nilipopanda masika moja, mto pale Soni ulikuwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, nikajua ni shamba la mtu linateremka kwenda nyika.

Kwa hiyo nawaomba wataalamu na madiwani: kabla ya kuandika sheria ndogo nyingine ya kulima mlimani, pandeni kwanza Mlalo mkakae na wakulima. Watoto wa wale waliolimishwa matuta kwa faini bado wapo, na wanakumbuka.