Nyinyi wa Magari Mna Njia Zenu

Leo hakuna video, leo ni kusoma. Hii stori nilijaribu kuitosha kwa sekunde 60 ikakataa.

Wiki mbili zilizopita nilipata kakazi. Hoteli moja ya Diani ilitaka nimpokee mgeni kutoka Nairobi pale uwanja wa ndege wa Moi, nimpeleke hadi hotelini, na nirekodi safari yote. Walitaka kitu kimoja tu kionekane: kwamba siku hizi unashuka ndege Mombasa na kabla saa moja kuisha uko ufuoni, dafu mkononi. Pesa haikuwa mbaya. Nikaazima gari la mjomba, nikaenda.

Tulitoka uwanjani mida ya saa kumi na moja jioni, tukashika barabara ya Dongo Kundu. Daraja la Mwache, halafu la Mteza, mikoko chini, maji yametulia, upepo unaingia dirishani. Kamera inapenda vitu kama hivyo. Mgeni wangu akatazama huku na huku, akauliza, "Kwani feri tumeiacha wapi?"

Alikuwa anaikumbuka feri ya utotoni mwake. Likizo ya Desemba, gari la babake limejaa masanduku, korosho zinauzwa dirishani, watoto wanagombania nani ataiona bahari kwanza. Nikamwambia kwa safari hii feri haihitajiki tena. Nilivyomwona, ni kama alisikitika kidogo.

Tulipokaribia Tiwi, mamangu akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika wapi?"

"Niko karibu na Tiwi."

Akanyamaza kidogo. "Tiwi? Si sasa hivi umeniambia ndio mnatoka uwanjani?"

"Nimepitia Dongo Kundu, mama."

Nyuma ya sauti yake nilisikia honi na kelele za watu wengi. Yeye alikuwa ametoka kazini mjini, kwenye duka la ushonaji, na bado alikuwa upande wa kisiwani anangoja kuvuka. Sisi twakaa Likoni. Pale aliposimama, ng'ambo yake anaiona kabisa. Mimi nilikuwa nimetoka uwanja wa ndege nikaipita Likoni kwa mbali, na yeye alikuwa hajavuka maji ya nusu kilomita.

Akacheka. "Haya bwana. Nyinyi wa magari mna njia zenu."

Aliisema kama mzaha, lakini haijanitoka kichwani mpaka leo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya historia wala ya kitu kingine. Lakini hii njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi Diani ina historia, na ukiifuata utaona mamangu hakuwa anatania sana.

Anza na ramani. Mombasa ni kisiwa, hiyo kila mtu anajua. Wengi hawafikirii kwamba uwanja wa ndege hauko kisiwani. Uko bara, upande wa magharibi, eneo la Port Reitz. Diani nayo iko bara, upande wa kusini. Katikati yake kuna mkono wa bahari unaoingia ndani. Yaani kutoka uwanjani hadi Diani hukuwa na sababu yoyote ya kuingia kisiwani, isipokuwa moja: barabara nyingine ya maana haikuwepo. Ulikuwa unapita Changamwe, unaingia kisiwani kwa Makupa, unakatiza mji wote na foleni zake, halafu unatoka kisiwani kwa feri ya Likoni. Ndipo unaanza sasa Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda. Asiyetaka feri alizunguka mbali kupitia Mariakani, Kinango na Kwale, na hiyo hakuna mgeni aliyeipenda.

Feri ya Likoni ilianza 1937, enzi ya mkoloni. Ukihesabu mpaka leo unakaribia miaka 90. Nyanya zetu walivuka hivyo, mama zetu wanavuka hivyo, na sisi pia. Wa miguu hatulipi, ni kweli, na si jambo dogo. Magari ndiyo yanayolipa. Lakini tunalipa kwa muda, na muda wa mtu wa kibarua una bei yake.

Uwanja wa ndege ulikuja baada ya feri, na haukujengewa watalii. Ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Mwaka wa 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na meli za kivita za Waingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini. Mombasa ikawa kambi. Hata shule ya Allidina Visram, ile mnayoijua, iligeuzwa ofisi ya majasusi waliokuwa wanafumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Ukipita hapo leo unaona wanafunzi na mpira tu.

Weka hiyo habari ya Wajapani mfukoni, tutairudia.

Upande wa Diani nao ulikuwa na wenyewe. Wadigo walikuwa pale kabla ya hoteli ya kwanza. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu, uko hapo hapo karibu na ufuo, na 2008 kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Msikiti wa Kongo uko pale mto unapoingia baharini, na umekaa karne nyingi. Kwa hivyo mtu akikwambia Diani ilikuwa kichaka kabla ya utalii, mwambie aende akaswali Kongo kwanza.

Halafu utalii ukaja kwa kishindo. Uwanja ulipanuliwa, na mwishoni mwa miaka ya 70 ukawa wa kimataifa kwa jina la Moi. Ndege za kukodiwa zikawa zinatua moja kwa moja kutoka Ulaya, Wajerumani wengi, Waingereza wengi. Mtu anatoka kwenye theluji usiku, asubuhi yuko Mombasa. Lakini akishatua, hata awe na pesa vipi, lazima basi lake la hoteli literemke feri lipange foleni kama gari la mihogo. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu moja ya Mombasa ambapo mgeni wa nyota tano na mama wa Likoni walingoja kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Sasa angalia upande wa kaskazini. Nyali ilipata daraja la kuelea 1931, kabla hata ya feri ya Likoni kuanza. Mwaka wa 1980 likajengwa la saruji, hili tunalopita leo. Kilifi walipata lao 1991. Ukienda Malindi leo huvuki kwa feri popote. Kusini je? Hakuna kitu.

Sababu ipo, na lazima niwe mkweli. Likoni ni mlango wa bandari ya Kilindini. Meli zinazopita pale ni ndefu kama mtaa na zimepanda juu kama jumba la ghorofa. Daraja la pale lazima liwe juu sana, na daraja la hivyo ni pesa nyingi. Nimeelewa. Mpango wa daraja lenyewe umezungumzwa miaka mingi, hata jina limepewa kwa Kiingereza, Mombasa Gate Bridge. Jina tunalo, daraja hatulioni.

Lakini kungoja kumekuwa na gharama, na gharama hiyo ina tarehe.

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe, kivuko jirani cha Likoni, ilipinduka asubuhi ikiwa imejaa watu wanaokwenda kazini mjini. Watu 272 walikufa. Wengi wetu tunaosoma hii hatukuwa tumezaliwa, lakini uliza mtu yeyote wa Mtongwe aliyepita miaka 40. Atakwambia alikuwa wapi siku hiyo.

Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, polisi wakauawa, fujo zikaenea na watu wa bara wakafukuzwa majumbani mwao. Watalii wakakatiza safari, hoteli za kusini zikakaa tupu, na vijana wa Ukunda waliokuwa wahudumu wakarudi nyumbani. Hapo ndipo ilionekana wazi kwamba riziki ya pwani yote ya kusini ilikuwa inapita kwenye kijinjia kimoja chembamba, na kikishikwa, sote tumeshikwa.

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na mama mmoja na bintiye mdogo. Ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Mimi nilikuwa bado shule. Nakumbuka mamangu akivuka kila siku ya zile wiki mbili, juu ya maji yale yale, kwa sababu mwenye duka hakuwa amefunga duka.

Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya Korona, umati ulikuwa pale unajaribu kuvuka kabla ya saa moja. Polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu. Watu walikuwa wanakimbilia nyumbani ili wasivunje sheria, wakapigwa kwa sababu feri haikuwa imewafikisha.

Na angalia kilichofuata. Serikali iliogopa ugonjwa utaenea kwenye ule msongamano, na mwaka huo huo wa 2020 daraja la kuelea la waenda kwa miguu likawekwa kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu. Tulikuwa tumeambiwa miaka yote ni vigumu. Halikuwa daraja kamili, lilikuwa linafunguliwa kupisha meli, lakini lilijengwa haraka. Hapo mimi nilijifunza kwamba neno "vigumu" linategemea ni nani aliyeogopa.

Sasa tufike Dongo Kundu. Kipande cha kwanza, upande wa Miritini na Kipevu, kilifunguliwa 2018. Kipande cha maji, chenye madaraja ya Mwache na Mteza, kilikuja baadaye, na 2024 barabara yote ikawa inapitika mpaka inapotokea Kibundani, upande wa kusini. Daraja la Mteza lina mita 1,440. Na mkopo ulitoka wapi? Japani. Uwanja uliojengwa wakati Waingereza wanawakimbia Wajapani, leo ukitoka pale unapita juu ya daraja la pesa ya Mjapani. Historia ina ucheshi wake.

Sisemi barabara ni mbaya. Ni nzuri, na ningekuwa mnafiki kuiponda wakati nimelipwa kuirekodi. Mgonjwa wa Msambweni anayekimbizwa hospitali kubwa ana njia nyingine sasa. Lori linaloenda Lunga Lunga halihitaji tena kupenya mjini. Vijana wa Ukunda wenye teksi wanapata safari mbili pale walipokuwa wanapata moja.

Lakini iangalie vizuri inapoanzia na inapoishia. Inaanzia bandarini na uwanja wa ndege, inaishia kwenye njia ya hoteli, na katikati imepangwa eneo la viwanda. Ni njia ya mizigo na wageni. Mamangu anatoka Likoni anaenda mjini. Akitaka kupita Dongo Kundu itabidi aende mpaka Kibundani, avuke madaraja yote, atokee karibu na uwanja wa ndege, halafu arudi kisiwani kwa Makupa. Azunguke bahari nzima kwa sababu ya maji ya nusu kilomita. Nauli ya hiyo safari itamla mshahara.

Hofu yangu ni hii. Miaka yote, foleni ya feri ilikuwa na watu wenye sauti ndani yake. Mwenye hoteli alilalamika, balozi alilalamika, Mnairobi alilalamika mtandaoni akiwa na watoto kwenye gari. Kelele zao zilitusaidia hata kama hawakuwa wanatulilia sisi. Sasa hao wote wamepata njia. Foleni imebaki ya mshonaji, mwalimu, mtu wa mjengo, mwanafunzi na mama wa mboga. Hao wakilalamika, nani anasikia?

Kwa hivyo 2027 ikifika na wagombea wakianza kuja na fulana na mziki, wakikuonyesha picha ya Dongo Kundu na kusema kusini imefunguka, muulize swali moja tu: mtu wa miguu wa Likoni atavukaje, na lini? Usikubali jina la daraja. Uliza tarehe, uliza pesa iko wapi.

Siku ile nilimfikisha mgeni wangu Diani bado kuna mwanga. Tukapata picha ya dafu, hoteli ikafurahi. Nikageuza gari kurudi Likoni. Nilimkuta mama mlangoni anavua viatu, kibeti bado begani.

"Umewahi," akaniambia.

Sikuwa na jibu. Nikaingia jikoni nikamwekea maji ya chai.