Vidhibiti vya michezo ya kumbini nyumbani

Kidhibiti ni kifaa ambacho mchezaji hutumia kuongoza mchezo wa video. Mashine nyingi za kumbi za michezo ziliundwa pamoja na vidhibiti vyake, hivyo mchezo ulipohamishiwa nyumbani mara nyingi ulibadilika tabia.

Mfano ulio wazi ni Missile Command (Atari, 1980). Kumbini, mchezaji alilenga kwa kuviringisha mpira uliopachikwa kwenye mashine, na vitufe vitatu vilirusha makombora kutoka vituo vitatu. Jostiki ya Atari 2600, mtambo wa michezo wa nyumbani, ilikuwa na kitufe kimoja tu. Toleo la mtambo huo likabakiwa na kituo kimoja, na alama ya kulenga ikawa inatambaa pale ambapo kumbini kiganja kiliweza kuivusha skrini nzima kwa msukumo mmoja.

Robotron: 2084 (Williams, 1982) una jostiki mbili, moja ya kutembea na nyingine ya kufyatulia risasi. Kwa Atari 5200, mtambo mwingine wa nyumbani, kilitolewa kishikio cha plastiki cha kubana vidhibiti viwili pamoja. Wazo zuri, ila jostiki za mtambo huo hazikurudi katikati zenyewe, kasoro inayomgharimu mchezaji aliyezingirwa. Kinyume chake, Pac-Man, unaohitaji pande nne tu, huchezeka vyema nyumbani kwa kitufe chenye umbo la msalaba.